Maji ya Ndege wa Malaba

Mwaka jana, kwenye matanga ya jirani pale Burumba, mwanamke mmoja mwenye mvi alinishika mkono akaniuliza kama mimi si Nafula aliyekuwa anapika katika hoteli ya Malaba zamani. Nilimtazama mdomo kwanza, si macho, na hapo ndipo nikamjua, maana alikunja midomo kabla ya kusema vilevile kama mama yake. Alikuwa Taaka, binti wa mwenye ploti ya vyumba vya kupanga niliyoishi mwaka wa sabini na saba. Tuliketi chini ya turubai, tukala wali wa matanga, tukaulizana nani bado yuko na nani ametangulia. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Na unamkumbuka yule mwendawazimu wa ndege?" Nilimwambia namkumbuka. Nilimwambia pia kwamba hakuwa mwendawazimu. Jina lake lilikuwa Okiror, alikuwa fundi cherehani kutoka upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, na mke wake aliitwa Amoding. Taaka akasema, "Mimi nilikuwa mtoto, dada. Sisi watoto tulikuwa tunamwita hivyo tu." Hakuwa na ubaya wowote. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilijaribu kufikiria ni nani mwingine upande huu wa mpaka anayeweza kuyataja majina hayo mawili, na sikumpata.

Nilifika Malaba mwezi wa kwanza, kiangazi kikiwa kimekaza, vumbi jekundu limepaka hata majani ya migomba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipata kazi ya jikoni katika hoteli iliyotazamana na uwanja wa malori. Madereva na matanboi, wasaidizi wao wa lori, walikuwa wanalala pale siku nyingi wakingoja karatasi za kuvuka, na walikula kama watu wasiojua kesho watakula wapi: chapati na maharagwe asubuhi, ugali na matumbo mchana. Aliyenipa mahali pa kulala ni Amoding, ambaye alikuwa anawafulia madereva hao nguo. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo kidogo, mikono yake imechubuka kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. "Chumba chetu ni kidogo," aliniambia, "na mume wangu ni mgonjwa. Hasemi. Usimwogope."

Chumba kilikuwa cha mwisho katika safu, cha udongo uliopigwa lipu, kimegawanywa katikati kwa shuka ya buluu. Upande wangu kulikuwa na mkeka, ndoo na msumari wa kutundikia nguo. Kuta za ploti hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalipita juu yakaingia cha pili bila kubisha hodi. Ndivyo nilivyopata habari za Okiror, vipande vipande, nikiwa nimelala chali mchana wa mapumziko. "Alishonea watu wa msituni sare," sauti ya mwanamume ilisema chumba cha jirani. "Nani amekuambia?" "Kila mtu anajua. Askari wa huko si wajinga, hawashiki mtu bure." Amoding naye alisikia, alikuwa upande wa pili wa shuka akikunja mashati ya watu. Hakupandisha sauti. Aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza: "Alikuwa anashona kaptula za watoto wa shule. Askari walikuta kitambaa cha kaki dukani. Kaki ni kaki, mdogo wangu, huwezi kuiuliza ilikuwa inaenda wapi." Askari walimweka kambini kwao majuma kadhaa. Waliomrudisha walimwacha kando ya barabara, na vidole vyake havikuwa tena vya kushika sindano. Vilikuwa vimeunga vibaya, kila kimoja kimeelekea upande wake. Amoding alimvusha mpaka akiwa amemlaza kwenye mkokoteni chini ya magunia ya mihogo mikavu.

Okiror alikuwa anaketi kwenye kiti kifupi penye mlango wa nyuma, kuanzia asubuhi hadi giza. Ukimwambia simama anasimama, ukimwambia fungua mdomo anafungua. Amoding alimlisha kwa mkono wake, ugali wa wimbi na mihogo uliochovywa katika mchuzi wa karanga, na alimpangusa kidevu bila haraka, akiendelea kunisimulia mambo mengine. Siku hizi ugonjwa ule una jina na una madaktari wake. Wakati ule sisi tulisema tu, huyu amevunjwa, na tukapita kando yake kubeba ndoo. Amoding peke yake ndiye aliyekuwa anamwangalia kila siku kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha sakafuni. Aliniambia kwamba kabla sijafika, hua alishuka akanywa maji ya kusuuzia katika karai lake la kufulia, na Okiror akageuza shingo. "Tangu nimvushe hakuwa amegeuza shingo," alisema. "Hata mimi nikimwita hageuki. Alimfuata yule hua kwa macho mpaka akaruka."

Kwa hiyo alichukua kifuniko cha pipa la mafuta, akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikaisha, akakiweka juu ya matofali nyuma ya nyumba, mbele ya kiti, mahali peupe ili paka asipate pa kujificha. Ndani aliweka mawe, kwa sababu ndege wadogo hawana miguu ya kusimama majini, na maji aliyatia machache, yafike kwenye kifundo cha kidole tu. Kila asubuhi alimwaga ya jana, akasugua, akatia mengine. Walikuja hua kwanza, halafu shomoro wa darini, halafu kwera wa manjano kwa makundi na kelele zao. Okiror aliwatazama. Hakutabasamu wala nini. Lakini macho yake yalikuwa yanakwenda na kurudi, na kwa Amoding hilo lilikuwa chakula.

Shida ni kwamba maji hayakuwepo. Bomba la karibu na stesheni lilikuwa linatoa maji asubuhi kidogo, kisha linakohoa na kunyamaza, na wanawake walikuwa wanapigania nafasi za foleni kwa viwiko. Likikauka kabisa tuliteremka mtoni na madebe. Amoding alihitaji maji kuliko mtu yeyote wa ploti ile, maana maji ndiyo yalikuwa kazi yake. Mama Taaka, mwenye ploti, Msamia wa Funyula, mwanamke wa kanisa na mwenye sauti, alisimama siku moja uani akiwa ameshika kiuno. "Wewe mama Uganda," alisema, "watoto wangu wanaoga mara moja kwa wiki. Na wewe unanywesha ndege wa Mungu, ambao Mungu mwenyewe anawajua?" Amoding alikuwa amepiga magoti kwenye karai. Alijibu bila kuinuka: "Ni maji ambayo nimebeba kwa kichwa changu, mama. Sijakuomba." "Ploti ni yangu." "Ndiyo, ploti ni yako." Akaendelea kufua. Mama Taaka alingoja aombwe msamaha, hakuombwa, akaingia ndani. Mtoto wake wa mwisho, Wandera, aliyekuwa anajifunza kutembea vizuri, alibaki pale akiwanyooshea ndege kidole.

Mvua za masika ziliposhuka, nilidhani kazi ile imekwisha. Kila mahali kulikuwa na maji, barabara yenyewe ilikuwa mto. Nilimwambia Amoding apumzishe mgongo wake. Naye alidhani hivyo, akakilaza kifuniko ukutani. Lakini madimbwi ya Malaba yalikuwa madimbwi ya malori. Maji yake yalikuwa na rangi za upinde wa mvua juu, diseli na mafuta machafu yaliyomwagwa na matanboi wakitengeneza magari. Haukupita muda nikamkuta hua nyuma ya jiko la hoteli, mabawa yamegandamana, anajikokota kama kuku aliyefungwa. Alikufa mkononi mwangu. Niliporudi nyumbani Okiror alikuwa kwenye kiti chake, uso kwa mvua, hakuna kitu mbele yake cha kutazama, na Amoding alikuwa anajaribu kumfanya ameze uji na uji unarudi. Nilimweleza habari za yule ndege. Amoding aliweka uji chini. Aliinua kifuniko, akakisugua mvua ikimnyeshea, akakirudisha juu ya matofali. Tangu siku hiyo hakukiacha tena, iwe mvua iwe jua.

Katikati ya mvua hizo Okiror alianza kuifanya kazi ile mwenyewe. Sikuona alivyoanza, nilikuta tu asubuhi moja ameinama, kopo amelibana katikati ya viganja viwili, anamimina. Nusu ilimwagika miguuni. Amoding alikuwa amesimama mlangoni amejishika mdomo, akanionyesha kwa macho nisitoe sauti. Baada ya majuma machache hakumwaga tena. Na mchana mmoja, mimi nikichambua majani ya kunde kwenye ngazi, paka wa jirani alikuwa anatambaa kwenye nyasi, nikasikia sauti kavu nyuma yangu ikisema, "Paka." Nilirusha mboga zote chini. Amoding alitoka ndani na sabuni mikononi. "Nani amesema?" Okiror alikuwa ameokota jiwe kwa kiganja. "Yule paka," alisema tena, kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini, akalitupa jiwe likaanguka karibu na miguu yake. Jioni ile Amoding alinunua samaki mkavu aliyetoka Osieko, kule ziwani, akampika kwa karanga na nyanya, tukala sote watatu kwenye sahani moja. Sijawahi kumwona mtu akila akiwa analia bila kuacha kutafuna.

Nikiangalia nyuma, naona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa furaha yote tuliyogawiwa mwaka ule, na ilikuwa ndogo. Mbu walikuwa wengi. Wandera alishikwa na homa, Mama Taaka akampa vidonge vya dukani, homa ikashuka, ikarudi na degedege. Alifia njiani kupelekwa hospitali Busia. Walimzika Funyula, na Mama Taaka aliporudi alikuwa amenyoa kichwa. Siku hiyohiyo alipita moja kwa moja uani, akakipiga teke kifuniko, mawe yakaruka. Okiror alikuwa amesimama mbele yake na kopo. "Hapa ndipo mbu wanazaliwa," Mama Taaka alisema, na hakuwa anapiga kelele, jambo ambalo lilitisha zaidi. "Nyinyi mmeleta haya maji hapa. Mmekimbia kifo kwenu mkakileta kwangu." Watu walikuwa wametoka vyumbani. Amoding alisema, "Mama, maji ya siku moja hayazai mbu. Tunayamwaga kila asubuhi. Wewe mwenyewe unaona." Mama Taaka alimtemea mate miguuni.

Alimleta bwana afya, kijana mwenye kofia, ili Waganda wafukuzwe kwa sheria. Bwana afya alizunguka ploti nzima na fimbo yake. Alitazama kifuniko, akatikisa kichwa kwamba hakina kitu. Kisha akafika kwenye pipa la Mama Taaka, lile la kukingia maji ya mabati, chini ya dirisha la chumba alicholala Wandera. Halikuwa na kifuniko. Alilikoroga kwa fimbo, akasema, "Njoo uone, mama." Mimi nilikuwa karibu, nikaona: viluwiluwi vya mbu vimejaa, vinajipindapinda. Amoding, aliyekuwa na haki ya kusema, aligeuka akaingia chumbani kwake. Mama Taaka alilishika pipa kwa mikono miwili, akalisukuma mpaka likaanguka, maji yakapita katikati ya miguu yetu sote. Kuanzia hapo chuki yake ilizidi. Nimewahi kujiuliza kwa nini, na jibu ninalo sasa baada ya kuzika watoto wangu wawili. Mtu anaweza kumsamehe aliyemkosea. Aliyekuwepo akaona kosa lako mwenyewe ni vigumu zaidi kumsamehe. Aliacha kumsalimia Amoding, akawakataza watoto kupita nyuma ya nyumba, na hapo ndipo jina la mwendawazimu wa ndege lilipoanzia. Lakini hakuwafukuza. Hilo nalo silielewi vizuri mpaka leo.

Mvua ndogo za mwisho wa mwaka zilimkuta Amoding akiwa amechoka. Alikuwa amefua nguo za watu juani na mvuani mwaka mzima, na sehemu yake ya chakula alikuwa anaisukuma upande wa mume wake. Alianza kutetemeka kwenye karai. Nilimwambia alale, akasema atalala akimaliza mashati ya dereva wa Nakuru. Kesho yake hakunijua. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Nilitoroka kazini, nikatafuta gari la kumpeleka hospitali, na dereva wa yale mashati ndiye aliyekubali kumbeba mbele, kati yake na tanboi, mashati yakiwa bado mabichi. Alirudishwa kesho yake mchana na dereva huyohuyo, amefunikwa.

Okiror aliketi sakafuni kando yake. Wanawake wa ploti walisimama mlangoni, hawaingii, kila mmoja akimtazama mwenzake. Nilikuwa nimewahi kuona maiti, sikuwa nimewahi kuosha. Nilishika kitambaa, nikasimama nacho. Ndipo Mama Taaka alipopita katikati ya watu na beseni lake la enameli, kitambaa begani, akaniambia, "Sogea." Alipiga magoti. Alimwosha Amoding kuanzia usoni, akaitengeneza mikono yake iliyochubuka, akanielekeza kwa kichwa nimwinue hapa, nimgeuze pale. Hakulia. Alipomaliza alimvika gauni lake mwenyewe la kanisani, akamwambia Okiror, "Mzee, mke wako yuko tayari." Kisha akachukua beseni, akatoka.

Kaka ya Amoding, Emojong, alivuka kutoka ng'ambo na pikapu aliyoazima. Kwa desturi yao mke anazikwa nyumbani kwa mume, na nyumbani kwa Okiror kulikuwa upande ule, kupita vizuizi vya askari waliokuwa na jina lake. Nilisikia mazungumzo yao nikiwa upande wangu wa shuka, nikikunja nguo za marehemu. "Shemeji, wewe baki," Emojong alisema. "Tutamzika sisi. Kila mtu ataelewa." Jibu la Okiror lilikuwa neno refu kuliko yote niliyomsikia akisema mwaka ule. "Alinitoa kule amenifunika na magunia. Sasa nimwache aende peke yake, kama mtu aliyeokotwa barabarani, azikwe mume wake akiwa hayupo?" "Wanakujua." "Ndiyo, wananijua." "Watakuchukua." "Nitamzika kwanza." Emojong alianza kulia, na Okiror akaweka kile kiganja chake kilichopinda juu ya goti la shemeji yake, akakiacha pale.

Waliondoka asubuhi. Nilimfunga vifungo vya shati, maana hakuweza mwenyewe. Alikuwa ameshamimina maji. Aliniambia, "Dada, usingoje yachafuke," nami nikamwambia sitangoja. Pikapu ilipita katikati ya malori, ikasimama kwenye kizuizi cha kwetu, ikaruhusiwa, ikashuka kuelekea daraja. Nilirudi kukanda chapati. Siku zote zilizofuata nilifanya kama alivyofanya Amoding: nilimwaga, nilisugua, niliweka mengine. Mvua ziliisha, jua likarudi, bomba likaanza kukohoa tena. Mama Taaka hakunisemesha juu ya jambo hilo, wala hakuwafukuza ndege, na kiti kile kifupi alikiingiza ndani kisiloweshwe na umande, na upande wao wa chumba hakuupangisha.

Emojong alirudi kwa miguu mwezi wa kumi na mbili, adhuhuri. Alikataa kuingia ndani. Aliketi kwenye ngazi za nyuma, nikampa chai, akaishika bila kuinywa. Alisema walivuka salama, mtu wa kizuizini alitazama jeneza akapisha. Walimzika Amoding karibu na nyumba, mchungaji akaomba, na Okiror akatupa udongo kwa viganja. Gari la askari lilikuja baada ya hapo, watu wakiwa bado wamepanga mstari kunawa mikono kama ilivyo desturi ya mazishi. Waliteremka, wakamwita kwa jina. "Hakukimbia," Emojong alisema. "Aliwaomba jambo moja tu, anawe kwanza. Mmoja wao akasema, mwacheni anawe. Akainama kwenye karai, akanawa polepole, kidole kwa kidole. Mimi ndiye nilikuwa nammiminia. Kisha akaenda nao."

Alipomaliza kusema, hua wawili walikuwa wameshuka kwenye kifuniko na walikuwa wanakunywa. Hakuna kati yetu aliyetaka kusogea. Mama Taaka alikuwa amesikia yote, amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na alibaki amesimama hivyohivyo mpaka wakatosheka wakaruka.